D&D Beyond au PDF yenye jina lako? Ulinganisho kwa anayetafuta kitabu cha kanuni

Jumamosi moja umeme ulikatika Sinza saa mbili na robo usiku, tukiwa katikati ya pambano. Tulikuwa watano mezani, dadu zimetapakaa, mchawi wetu ndiyo kwanza ametamka kwamba anarusha tufe la moto, na swali likazuka: tufe hilo linafika umbali gani? Kitabu cha kanuni nilikuwa nacho, nimekilipia kwa dola, kipo kwenye akaunti yangu. Akaunti ipo mtandaoni. Ruta ilizimika pamoja na taa, na bando la simu lilikuwa limebaki la kusoma WhatsApp tu. Kukipakua mapema ningeweza. Sikufanya, na kosa hilo ni langu. Aliyetuokoa ni mwenzetu ambaye hajawahi kununua kitabu hata kimoja. Alitoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, akafungua faili la bure alilolipakua mwaka wa nyuma, akasoma: "Futi mia na hamsini." Mchezo ukaendelea.

Tangu usiku ule, kila anayeniuliza "kaka, kitabu cha D&D ninunue wapi?" namrudishia swali: siku muuzaji asipokuwepo, utabaki na nini mkononi?

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Dungeons & Dragons ulitoka Marekani mwaka 1974. Hauhitaji ubao wala karata. Kuna dadu, karatasi za wahusika, msimuliaji anayeongoza hadithi, na kitabu kinene kinachosema nani anaweza nini. Kitabu ndiyo bidhaa. Ndiyo maana ugomvi wa wachezaji na wauzaji huwa juu ya kitabu: nimekilipia, mbona siwezi kukichapa? Mbona siwezi kumwazima mdogo wangu? Mbona nikihamia programu nyingine nalipa upya?

Mwenye D&D leo ni Wizards of the Coast, kampuni iliyo chini ya Hasbro, na jukwaa lake la mtandaoni la kuuzia na kusomea vitabu ni D&D Beyond. Vitabu vikuu vya toleo la tano, lililoanza 2014, havijawahi kuuzwa kama PDF. Mshindani wake mkubwa, Paizo, mwenye mchezo wa Pathfinder, anauza PDF bila wasiwasi. Hizo mbili ndizo nitakazozisimamisha bega kwa bega. Njia nyingine nitazipitia mbiombio, isipokuwa ile ya bure, ambayo inastahili heshima kuliko inayopewa.

Neno "nunua" na mtego wake

Ukibonyeza kitufe cha kununua kitabu cha kidijitali, mara nyingi unachopata ni leseni, yaani ruhusa ya kukitumia kwa masharti ya mwenyewe. Aliyewahi kupanga Dar ataelewa haraka. Unatoa kodi ya miezi sita, unapewa ufunguo, unapiga rangi unayoipenda, unatundika mapazia. Siku mwenye nyumba akibadilisha kitasa, mapazia yako yapo ndani na wewe upo nje. Tofauti ni moja: mwenye nyumba hakuwahi kukuambia kwamba nyumba umeinunua.

Si hofu ya kubuni. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vilivyolipiwa viliacha kufunguka. Wateja walirudishiwa fedha zao, lakini kitabu ulichokuwa umefika nacho sura ya saba kiliishia hapohapo.

Jimbo la California liliona neno "nunua" linapotosha watu. Sheria yake ya AB 2426, iliyoanza kutumika Januari 1, 2025, inamtaka muuzaji amweleze mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Kinachonifurahisha ni msamaha uliomo ndani yake: haimgusi muuzaji anayekupa faili la kupakua moja kwa moja, ukalitumia bila mtandao, naye akawa hana uwezo wa kulifuta. Yaani watunga sheria wale wamechora mstari palepale ninapouchora mimi.

Usidhani lakini kwamba PDF inakufanya mwenye mali kamili. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua Desemba 2019, katika kesi ya Tom Kabinet, kwamba kuuza tena kitabu cha kielektroniki kunahitaji idhini ya mwenye haki. Kitabu cha karatasi ukikichoka unakipeleka kwa wauza vitabu vilivyotumika. Faili halina mtumba.

D&D Beyond: nyumba nzuri, ya kupanga

Nianze na sifa, maana zipo na ni za kweli. Kuunda mhusika kwa kitabu cha karatasi humlia mgeni jioni nzima: ajumlishe hiki, atoe kile, ageuze kurasa mpaka ashike kichwa. Ndani ya D&D Beyond anachagua tu na hesabu inajipanga yenyewe. Akigusa jina la uganga, maelezo yanafunguka palepale. Akaunti ya bure inabeba wahusika sita. Mhusika unaweza kumtoa kama PDF ukamchapa. Programu ya simu inaruhusu kupakua vitabu ulivyolipia ukavisoma bila intaneti (ndilo nililolipuuza Sinza). Kitabu cha mchezaji cha 2024 kilitoka kwa dola 29.99 kwa dijitali, dhidi ya dola 49.99 za karatasi, na hiyo ya karatasi bado haijapanda ndege.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wapenzi wa PDF hatupendi kulisikia: kwa kuazimana kihalali, nyumba hii ya kupanga ni bora kuliko PDF. Mmoja wenu akilipia usajili wa ngazi ya Master, ambao kwa miaka mingi umekuwa dola 5.99 kwa mwezi, vitabu vyake vinafunguka kwa wachezaji wote waliomo kwenye kampeni yake, bila wao kununua chochote. PDF ya Paizo au ya duka la mtandaoni la DriveThruRPG imeandikwa jina la mtu mmoja na ruhusa ni ya mtu mmoja. Ukiituma kwenye kundi la WhatsApp umeshavunja masharti, hata kama wote mnakaa mtaa mmoja.

Ila nguo ya kuazima haisitiri matako. Usajili ukikatika, vitabu vinawafungia wenzako. Kwetu hilo si jambo la kinadharia. Wengi tunalipia kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu, kama ile ya M-Pesa GlobalPay kwa walio Kenya. Kadi ikikutwa tupu siku ya makato, mwezi unageuka na mchezaji wako anaona nusu ya uwezo wa mhusika wake umeyeyuka. Anakupigia wewe simu, si Hasbro.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mwenye nyumba ana mkono mrefu. Jukwaa lilianza 2017 mikononi mwa Curse, likahamia Fandom mwishoni mwa 2018, na mwaka 2022 Hasbro ikatangaza kulinunua kwa dola milioni 146.3. Aliyelipia kitabu siku za mwanzo amebadilishiwa mwenye nyumba mara mbili bila yeye kuhama chumba. Na kila mwenye nyumba huja na utaratibu wake.

Mei 2022 vitabu viwili vya majini na mazimwi, Volo's Guide to Monsters na Mordenkainen's Tome of Foes, viliondolewa dukani kwa sababu kitabu kipya kilikuwa kimechukua nafasi yake. Waliokuwa wameshalipia waliendelea kuvisoma. Hapo nawapa haki yao. Lakini aliyekuwa amepanga kuvinunua mwezi unaofuata alikuta rafu tupu, ilhali nakala za karatasi zilikuwa bado zinapatikana kwa wenye maduka.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya wanunuzi wadogo. Awali uliweza kununua kipande: aina moja ya mhusika, zimwi moja, kwa dola moja au mbili, na kiasi hicho kikapunguzwa ukija kununua kitabu kizima. Ni utaratibu uleule wa dukani kwa Mangi, ambako mafuta ya kula unapimiwa kwa kipimo kidogo na sukari unafungiwa robo. Duka lilipokarabatiwa, vipande vikaondolewa, ikabaki kitabu kizima au kifurushi. Kwa mchezaji wa Marekani ilikuwa kero. Kwa anayehesabu shilingi mlango wa kuingilia ndio uliofungwa.

Kisa cha tatu ndicho kinachoeleza zaidi maana ya kupanga. Agosti 2024, kanuni mpya zikiwa mbioni kutoka, ilitangazwa kwamba uganga na vifaa vya kichawi vya mwaka 2014 kwenye karatasi za wahusika vitabadilishwa kuwa vya 2024. Anayetaka vya zamani ajitengenezee kwa mkono. Watu walikuwa katikati ya kampeni za miaka miwili, na kanuni walizolipia zilikuwa zinabadilishwa chini ya miguu yao. Kelele zilikuwa kubwa mpaka baada ya siku chache uamuzi ukafutwa, vya zamani vikabaki. Wateja walishinda, naam. Ila walishinda kwa kupiga kelele. Hakukuwa na kifungu cha mkataba cha kuwalinda.

Na kero kongwe kuliko zote: umenunua kitabu cha karatasi, ukaenda D&D Beyond, ukalipa tena. Vifurushi vya karatasi na dijitali pamoja vilikuja baadaye kwa vitabu vipya. Mwenye rafu iliyojaa tangu 2014 hakupata chochote.

PDF: yako, mradi uwe umeipakua

Upande huu nao una historia ya kufuli. DriveThruRPG ilipofunguliwa mwaka 2004 ilianza na faili zilizofunguka kwa programu ya Adobe iliyosajiliwa tu. Wachezaji walilalamika sana, duka likahamia alama ya maji: jina lako na namba ya oda vinachapwa chini ya ukurasa, na faili linafunguka popote. Paizo nayo hutia utambulisho wa mnunuzi kwenye kila nakala. Ni kufuli ya aibu, si ya chuma. Hakuna anayekuzuia kunakili, ila nakala ikizurura mtandaoni inazurura na jina lako.

Mimi alama ya maji sina ugomvi nayo. Niliwahi kununua kitabu cha kanuni katika duka moja, jina nalihifadhi, ambalo faili lake lilifunguka kwenye kifaa kilichosajiliwa pekee. Simu iliibiwa kwenye daladala ya Mbagala. Niliandika barua pepe tatu nikieleza kwamba kifaa sinacho tena. Kila jibu lilinitaka niingie kwenye kifaa hicho ili nikiondoe kwenye orodha. Kibaka akawa ndiye msomaji halali wa kitabu changu. Baada ya hapo, jina langu chini ya ukurasa naliona kama pambo.

Kwa matumizi ya kwetu PDF ina raha zake. Inakaa kwenye simu, kwenye flashi, kwenye kompyuta ya ofisini. Kurasa kumi unazozihitaji kila wiki unazipeleka steshenari zikachapwa na kufungwa waya. Unatafuta neno, linatokea. Paizo vitabu vyake vingi huvitoa pia vikiwa vimekatwa sura kwa sura, jambo linalosaidia simu zenye kumbukumbu ndogo, na makosa ya kitabu yakisahihishwa, aliyekwisha kulipia hupakua nakala iliyosahihishwa bure. Angalia ubora wa hapo: nakala mpya inakuja, lakini ya zamani hakuna anayekuja kukupokonya. Wewe ndiye unayeamua kampeni yako inatumia ipi.

Ubaya upo. PDF ya kitabu kikubwa ilipangwa kwa ukurasa mpana wenye safu mbili, na kuisoma kwenye simu ya inchi sita ni mateso. Unavuta, unasogeza, unapotea. Haikuhesabii kitu. Mgeni ukimpa PDF ya kurasa mia nne na kumwambia aunde mhusika, huenda usimwone tena Jumamosi ijayo.

Na PDF isiyopakuliwa si PDF. Ushahidi ni Aprili 6, 2009. Siku hiyo Wizards of the Coast iliyaamuru maduka ya mtandaoni yaache kuuza PDF zake, na papo hapo ikatangaza kuwashtaki watu wanane wa Marekani, Poland na Ufilipino kwa madai ya kusambaza kitabu kipya cha toleo la nne. Paizo, ambayo wakati huo nayo ilikuwa ikiziuza, iliwaambia wateja wake kwamba mwisho wa kupakua, hata vile walivyokwisha kuvilipia, ni mchana wa Aprili 7. Hebu fikiria: umelala, umeamka, umeenda kazini, umerudi, na rafu yako imefutwa. PDF rasmi za matoleo ya zamani zilirudi sokoni Januari 2013.

Waliokuwa na mafaili kwenye diski zao hawakupoteza hata ukurasa. Waliotegemea rafu ya duka, yaani "nitaipakua nikiihitaji", walipoteza. Kampuni ilikuwa ileile na bei ileile. Kilichowatofautisha ni usiku mmoja wa kupakua. Ukinunua PDF leo, ipakue leo, iweke sehemu mbili.

Mezani, tukiviweka sambamba

Kwenye kukatika kwa umeme na bando, PDF inashinda, ingawa mwenye D&D Beyond aliyepakua vitabu kwenye simu mapema hayuko mbali. Kwenye kuwaazima wenzako kihalali, D&D Beyond inashinda kwa muda wote unaolipa. Kwenye kumfundisha mgeni, D&D Beyond, bila ubishi. Kwenye kuchapa, PDF, na hapo hakuna hata mechi.

Kwenye muuzaji kubadili mawazo, PDF iliyopakuliwa haina mpinzani. Nikimwambia mtu hivyo hunijibu, "Lakini mpaka leo D&D Beyond haijamnyang'anya mtu kitabu alicholipia." Ni kweli, na ninalisema hapa ili nisionekane napakazia. Hoja yangu ni nani aliyekishika mkononi. Kisa cha Agosti 2024 hakikuhitaji kumnyang'anya mtu kitabu. Ingetosha kubadilisha kinachoonekana ukigusa jina la uganga.

Kwenye kuhama je? Ukinunua D&D Beyond halafu kundi lako likaamua kuchezea meza pepe, yaani ya mtandaoni, ya Roll20 au Fantasy Grounds, uwe tayari kukilipia kitabu kilekile upya humo, kwa sababu kila jukwaa huuza nakala yake. Foundry nayo ni programu unayoinunua mara moja kwa takriban dola 50 na kuiendesha kwenye kompyuta yako mwenyewe, kwa hiyo vilivyomo vinakaa kwako. Ila inataka mtu anayeelewa mambo ya seva, na intaneti ya nyumbani isiyoyumba. Kwa wanaocheza na ndugu walioko Muscat au Minneapolis, meza pepe ni lazima. Kwa wanaokaa meza moja, ni gharama ya bure.

Karatasi ningeipa sifa zaidi kama isingekuwa nauli. Inaazimika, inauzika, haiulizi nywila. Lakini hata yenyewe imeanza kuingizwa kufuli: vitabu vya majeshi vya mchezo wa vita wa Warhammer 40,000, tangu toleo la tisa la mwaka 2020, vimekuwa vikija na msimbo wa kufungulia sehemu yake ndani ya programu ya simu, na msimbo unatumika mara moja. Ukikinunua kitabu hicho kwa mtu, uliza kwanza kama ameshaukwangua. Wachapishaji Chaosium wao wanafanya kinyume chake, na nawapenda kwa hilo: ukianza na PDF dukani kwao, bei yake hukatwa ukija kununua karatasi.

Najua pia kwamba kuna msomaji ameshafungua Telegram. Sitamhubiria. Nitasema tu kinachowauma waaminifu: nakala ya wizi inafunguka popote, haiulizi akaunti, inachapika, inaazimika. Anayelipa ndiye anayepewa masharti. Muuzaji anayetaka kumshinda mwizi angeanza kwa kumuuzia mteja kitu kizuri angalau kama kile cha mwizi, na alama ya maji inaonyesha kwamba inawezekana.

Ile ya bure, ambayo hakuna anayeweza kuirudisha

Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ya D&D ilivuja. Ilikuwa inawabana watunzi wengine waliokuwa wakijenga juu ya kanuni hizo kwa zaidi ya miaka ishirini. Wachezaji wakaanza kufuta usajili wao wa D&D Beyond kwa hasira. Kabla mwezi haujaisha, Januari 27, kampuni ilirudi nyuma na kuachia waraka wa kanuni za msingi, SRD 5.1, chini ya leseni ya Creative Commons BY 4.0. Mwaka 2025 ukafuata wa 5.2, wenye kanuni za 2024.

Hiyo ndiyo PDF iliyotuokoa Sinza. Ina kurasa zipatazo 400. Ndani yake kuna aina zote kumi na mbili za wahusika wa kitabu cha 2014, kila moja na tawi moja tu, uganga kwa mamia, na mazimwi ya kutosha kampeni nzima. Hakuna picha wala hadithi, na lile zimwi maarufu lenye macho kumi na moja halimo. Lakini leseni yake haifutiki. Unaruhusiwa kuichapa, kuigawa, kuiuza, na, kwetu sisi hili ndilo kubwa, kuitafsiri kwa Kiswahili, ilimradi utaje chanzo. Si D&D Beyond wala PDF ya dola ishirini inayokupa ruhusa hiyo. Nimeanza na uganga wa ngazi ya kwanza kwa ajili ya mpwa wangu wa miaka kumi na moja. "Kurusha dadu ya kujinusuru" alilielewa mara moja. "Kiwango cha kinga" kilihitaji mfano wa ngao ya Kimasai.

Pathfinder imekwenda mbali zaidi. Tovuti ya Archives of Nethys, iliyo rasmi kwa kibali cha Paizo, ina kanuni za mchezo karibu zote bure, pamoja na za vitabu vipya; kinachobaki kulipiwa ni hadithi, picha na starehe ya kuwa na kitabu. Kasoro yake ni ileile ya Jumamosi ile: bando likiisha, nayo inaisha.

Nani achukue kipi

Ukiwa hujawahi kucheza, usilipe hata senti. Pakua SRD, fungua akaunti ya bure D&D Beyond uunde mhusika wa kwanza, cheza mara nne. Wengi huishia hapo, na ni afadhali wagundue mapema.

Ukiwa msimuliaji wa kundi la wageni wanne au watano, na mchango wa kila mmoja unapatikana, usajili wa Master na kitabu kimoja au viwili ndani ya D&D Beyond ni fedha iliyotumika vizuri. Gawaneni ile dola 5.99 kama mnavyogawana nauli ya bajaji. Hesabuni lakini kwamba ni kodi ya pango: lipieni miezi mnayocheza, Ramadhani au msimu wa mitihani katisheni. Na kila mchezaji apakue karatasi ya mhusika wake kabla ya siku ya makato.

Ukiwa mtu wa kusoma, wa kukusanya, wa kutaka kitabu kiwepo hata mjukuu wako akikitaka, nunua PDF, na kama moyo wako haujafungwa na jina la D&D, nunua za Pathfinder. Kitabu cha mchezaji cha Paizo kwa PDF ni karibu dola 20, na hutalipa tena.

Ukiwa na mpango wa kutunga, kufundisha klabu ya shule, au kuandika kampeni inayoanzia Bagamoyo badala ya misitu yenye theluji, usijenge juu ya kitu ulichopanga. Anza na SRD, au na Pathfinder chini ya leseni huria ya ORC iliyotoka 2023.

Kwetu Sinza tumemaliza mjadala hivi: SRD ipo kwenye simu zote tano. Usajili nitaulipia mpaka kampeni hii iishe, kisha naukata. Mwezi ujao tunajaribu Pathfinder, na PDF nimeshaipakua, nakala moja kwenye kompyuta, nyingine kwenye flashi iliyomo ndani ya kifuko cha dadu. Kurasa za uganga nimezichapa. Nimenunua na taa ya kuchaji.